Simu inashika, kompyuta inakata

Swali: Shikamoo kaka. Naishi Bugarika, huku mlimani. Nimepanga vyumba vya uani, ngazi chache chini ya nyumba kubwa ya mwenye nyumba. Yeye kafunga intaneti ya faiba, ruta iko sebuleni kwake, na sisi wapangaji wanne tunachangia kila mwezi. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na send-off. Kompyuta yangu ya mezani niliinunua mtumba, haikuwa na Wi-Fi, nikaichomekea kile kidude kidogo cha USB. Sasa Wi-Fi inakata ovyo, hasa nikiwa nahamisha kazi kwenda kwenye diski ya nje. Mara nyingine inaonyesha imeunganishwa lakini hakuna kinachofunguka. Usiku ndiyo balaa, inakuwa nzito hadi wenzangu wanalalamika. Ajabu simu yangu, pale pale mezani, inashika vizuri tu. Fundi mmoja kasema ninunue repita, kile kifaa cha kurudia mawimbi ya Wi-Fi, mwingine kasema ruta ni mbovu, na huduma kwa wateja wanatuambia tupandishe kifurushi. Nifanye nini kabla sijatoa hela?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hela yako iache mfukoni kwanza.

Ukiisoma tena barua yako utaona ina matatizo matatu, na wote waliokushauri wamekupa jibu bila kuuliza wanajibu lipi. Kukata wakati wa kuhamisha mafaili ni jambo moja. Kuonyesha imeunganishwa huku hakuna kinachofunguka ni jambo jingine. Uzito wa usiku ni la tatu, na hilo nina wasiwasi halijatoka kwenye Wi-Fi kabisa. Nitakaa zaidi kwenye la kwanza kwa sababu ndilo linalokuharibia kazi, na kwa sababu umenitajia diski ya nje. Watu wengi huniandikia "inakata" wakaishia hapo. Wewe umesema inakata lini, na hapo ndipo pa kuanzia.

Kwanza simu. Kama simu inashika vizuri juu ya meza ile ile, basi mawimbi ya ruta yanafika chumbani kwako, na yule anayesema ruta ni mbovu inabidi atueleze kwa nini ubovu huo hauionei simu. Tofauti iko kwenye kinachopokea. Antena za simu zimezungushwa pembeni mwa kasha lake, unaishika juu, hewani, na kama si ya zamani sana inaelewa masafa ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Kile kidude chako kina ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Antena yake ni kamstari ka shaba kalikochorwa kwenye bodi, na vingi vya umbo hilo vinajua 2.4 GHz peke yake. Halafu, nabashiri, umekichomeka nyuma ya CPU, yaani lile kasha la kompyuta, na CPU iko chini ya meza, mgongo umeelekea ukutani. Maana yake antena imekaa karibu na sakafu, mbele yake bamba la chuma, nyuma yake ukuta, kushoto na kulia msitu wa nyaya. Hapo hata bila diski ilikuwa inasikia kwa shida.

Ndipo unapochomeka diski. Diski nyingi za nje za siku hizi ni za USB 3.0, zile zenye tundu la rangi ya bluu. USB 3.0 hupitisha data kwa kasi ya hadi Gbps 5, na waya unaofanya kazi kwa kasi hiyo hutoa kelele ya redio iliyosambaa kwenye masafa mapana, yakiwemo yale ya 2.4 GHz ambayo Wi-Fi yako inayategemea. Jambo hili si siri ya mafundi. Mwaka 2012 Intel, ambayo ni miongoni mwa kampuni zilizoitengeneza USB yenyewe, ilichapisha vipimo vyake ikionyesha kwamba diski ya USB 3.0 ikichomekwa, kelele kwenye 2.4 GHz karibu na tundu inaweza kupanda kwa karibu desibeli 20, ambayo ni mara mia. Na kwa kuwa kelele hiyo imo ndani ya masafa yale yale ya Wi-Fi, hakuna chujio la kuiondoa. Dawa ni umbali, au kuhama masafa. Kidude chako kimekaa tundu la pili kutoka kwenye diski. Unapoanza kuhamisha video ya harusi, ruta bado inaongea kama kawaida, ila kidude hakimsikii tena.

Nikuulize kitu: una mausi isiyo na waya? Nayo huwa inakwama kwama, mshale unaruka ruka, wakati huo huo wa kuhamisha? Zile mausi za kidude cha USB nazo hutumia 2.4 GHz. Kama jibu ni ndiyo, kesi imeisha.

Lakini usiniamini kwa maneno, pima. Fungua lile dirisha jeusi: bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, piga Enter. Andika ipconfig, tafuta mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1, lakini tumia utakayoiona wewe. Sasa andika ping, nafasi, anwani hiyo, nafasi, kisha -t. Mistari itaanza kushuka mmoja kila sekunde:

Reply from 192.168.1.1: bytes=32 time=3ms TTL=64

Macho yawe kwenye time, yaani milisekunde ambazo jibu limechukua kurudi. Kwenye Wi-Fi iliyotulia utaona 2, 3, 5, mara moja moja 20. Fungua dirisha la pili uweke ping 8.8.8.8 -t, hiyo ni mashine ya Google iliyoko nje huko. Yapange madirisha mawili sambamba, uyaache yatembee. Kisha chomeka diski, anza kunakili faili kubwa, tulia uangalie. Dirisha la ruta likianza kuonyesha 180, 400, halafu "Request timed out", yaani jibu halikurudi, tatizo liko kati ya kompyuta yako na ruta, ndani ya uwanja wenu, na hakuna kifurushi duniani kitakacholitibu. Dirisha la ruta likitulia kwenye 3 huku la 8.8.8.8 linakosa majibu, basi tatizo liko kwenye ruta yenyewe au mbele yake. Haya madirisha mawili ndiyo kipimo pekee ninachomwomba kila mtu kabla sijasikiliza hadithi nyingine yoyote.

Tega na sikio pia. Wakati inakata, je, Windows inatoa ule mlio wa kifaa kuchomolewa, halafu baada ya sekunde chache mlio wa kuchomekwa? Kama inatoa, hiyo si kelele ya redio. Kidude chenyewe kinapotea kwenye tundu, aidha kwa kukosa umeme wa kutosha, au tundu limelegea, au kimepata joto. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida limeruhusiwa kutoa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900, na diski ya nje isiyo na adapta yake ya umeme inakula nyingi. Kwenye CPU ya mtumba yenye power supply iliyochoka, kidude ndicho kinachoumia kwanza. Dawa yake ni kuhamisha diski upande mwingine, au kutumia diski yenye adapta yake.

Kama hakuna mlio, fanya hivi. Toa kidude kwenye tundu la bluu au la jirani yake, kipeleke kwenye tundu jeusi, ambalo kwa kawaida ni USB 2.0, la mbele ya CPU. Hilo peke yake huwasaidia wengi. Bora zaidi, nunua waya wa kurefusha USB wa mita moja au moja na nusu, uchomeke kidude mwishoni mwake, ukibandike kwa selotepu juu kwenye fremu ya monita au ukutani, mahali kinapoiona njia ya kwenda nyumba kubwa. Diski nayo iweke upande wa pili wa meza. Waya huo ni bei ya sahani ya wali na sato, na mara nyingi kazi inaishia hapo. Rudia ping.

Ukitaka kuhakikisha zaidi bila kununua chochote, tumia simu yako. Iache kwenye Wi-Fi ya mwenye nyumba, izimie data ya laini, iunganishe na kompyuta kwa waya wake wa kuchajia, uingie kwenye mipangilio ya simu uwashe USB tethering. Simu nyingi za Android zitampa kompyuta ile ile Wi-Fi ya nyumbani kupitia waya. Kwa lugha nyingine simu yako imegeuka kidude cha Wi-Fi, tena kizuri. Chomoa kile kidude, fanya kazi hivyo jioni moja. Ikienda bila kukata, umepata uthibitisho kwamba kilichokuwa kinakutesa ni kidude na mahali kilipokaa. Na kazi ya haraka ya mteja unaweza kuimaliza hivyo hivyo huku ukijipanga.

Ukifikia kununua, usinunue kidude kingine cha ukubwa ule ule. Kuna vya USB vyenye antena mbili za kusimama na msingi wa kuweka mezani, na kuna kadi za ndani zinazochomekwa kwenye ubao wa kompyuta. Chochote utakachochagua, hakikisha kinaelewa 5 GHz, maana ukihamia huko kelele ya USB inabaki nyuma. Kama CPU yako ni ile nyembamba iliyotoka ofisini, mwambie muuzaji unataka kadi yenye bamba fupi, la sivyo utaondoka dukani na kitu kisichoingia. Na kadi ya ndani bila antena zake zilizofungwa nyuma kwa skrubu ni sawa na hakuna kitu. Nimekuta kompyuta za mtumba nyingi zilizouzwa na kadi nzuri ndani, ila antena zilibaki huko zilikotoka. Mwenyewe anakaa anailaumu kampuni ya intaneti, na kumbe nyuma kuna vile vitundu viwili vya dhahabu vinakodoa macho tu. Kabla hujanunua, chungulia nyuma ya CPU yako, huenda nawe unavyo.

Ila 5 GHz ina masharti yake, hasa huku kwetu. Masafa hayo yana kasi, lakini hayapendi kuta. Nyumba zetu za mlimani wewe mwenyewe unazijua: msingi wa mawe unapanda mpaka usawa wa dirisha, upande mmoja umeegemea jiwe lenyewe, na paa la uani liko usawa wa sakafu ya nyumba kubwa. Mawe na zege hunyonya mawimbi. Bati huyarudisha kabisa yalikotoka. Mawimbi kutoka sebule ya mwenye nyumba yakiteremka moja kwa moja yanakutana na bati lako. Yanayokufikia ni yale yaliyopita dirishani na mlangoni. Kwa hiyo kaa na simu dirishani, angalia kama jina la mtandao la 5 GHz linaonekana na lina nguvu kiasi gani pale unapotaka kuweka antena. Kwenye kompyuta, andika netsh wlan show interfaces kwenye lile dirisha jeusi, itakuonyesha asilimia ya mawimbi, chaneli na kasi. Chini ya asilimia 40 usitegemee utulivu. Kusogeza antena sentimita chache tu, kuitoa nyuma ya nguzo yenye nondo, kunaweza kubadili namba hiyo mbele ya macho yako.

Ruta nayo isogezwe kama mwenye nyumba atakubali. Mara nyingi naikuta imekaa nyuma ya televisheni, juu ya king'amuzi, imefunikwa kitambaa cha kushona ili isiingie vumbi. Mwombe kwa heshima aiweke karibu na dirisha linalotazama uani, juu, bila kitambaa. Televisheni ni bamba kubwa la chuma, na king'amuzi kinaipikia ruta kutoka chini.

Jambo jingine la mlimani ni majirani. Aliye bondeni anaona mitandao ya nyumba tatu au nne zinazomzunguka. Wewe uliye mteremkoni, dirisha lako linautazama mtaa mzima, na kila ruta ya huko chini inakufikia. Masafa ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, nazo ni 1, 6 na 11. Andika netsh wlan show networks mode=bssid uone kila mtandao uko chaneli gani. Ikiwa umati uko kwenye 6 na ninyi mko hapo hapo, mwenye nyumba au fundi aliyefunga anaweza kuingia kwenye ruta akaihamishia 1 au 11, na upana wa chaneli auweke 20 MHz. Wanaoweka 40 MHz wakidhani wanaongeza kasi hujikuta wanagombana na mtaa mzima.

Kabla sijatoka kwenye kompyuta: Windows ina tabia ya kuzima kifaa cha mtandao ili kubana umeme. Kwenye kompyuta ya mezani haina maana. Bofya kulia kwenye Start, ingia Device Manager, fungua Network adapters, bofya mara mbili jina la kidude, nenda Power Management, ondoa tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Draiva, ile programu inayokiendesha kidude, nayo ichukue kwenye tovuti ya aliyetengeneza kidude, usihangaike na zile programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote, nyingi zinakuja na uchafu wake.

Sasa lile la kuunganishwa bila kufunguka. Hapa usiguse antena, tatizo haliko huko. Likitokea, andika ipconfig uangalie IPv4 Address. Ikianza na 169.254, kompyuta imeungana na ruta ila haijapewa anwani. Windows imejitungia yake. Andika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew. Ikirudi vile vile, zima na kuwasha ruta. Likijirudia kila siku, huenda anwani ambazo ruta imepangiwa kugawa zimeisha: wapangaji wanne na familia ya mwenye nyumba, simu, televisheni na wageni wote waliowahi kupewa neno la siri. Ruta nyingi za nyumbani hukaa na anwani ya kifaa kwa saa 24 hata kama mgeni ameshaondoka. Idadi hiyo inaongezwa ndani ya mipangilio, na ni kazi ya dakika tano.

Anwani ikiwa ya kawaida, 192.168 na kuendelea, tazama saa ya kompyuta, kule kona ya chini kulia. Usicheke. Kompyuta ya mtumba mara nyingi huja na betri ndogo ya ubao iliyokufa, ile ya duara iitwayo CR2032. Umeme wa TANESCO ukikatika, au ukizima kwenye soketi, saa inarudi miaka kadhaa nyuma. Tovuti karibu zote leo hutumia vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari kikiona kwamba kwa mujibu wa saa yako cheti hicho bado hakijazaliwa, kinakataa kufungua. Wi-Fi imeunganishwa, ping inaenda, ila barua pepe na kila kitu kinagoma. Rekebisha saa kwa mkono, kila kitu kinafunguka. Kisha badilisha betri, ni ya bei ndogo na inapatikana hata kwa mafundi saa.

Nakuja usiku. Rudi kwenye madirisha mawili ya ping, safari hii saa tatu usiku, bila diski, bila kunakili kitu. Natarajia dirisha la ruta liwe tulivu na la 8.8.8.8 liwe linapanda, 300, 600, 900. Nikiwa sahihi, swali la kwanza ni hili, na usinichukie: muda huo wewe unafanya nini? Mtu anayehariri video za harusi akimaliza kazi jioni, anaiweka ipande kwenye Google Drive ili mteja aipate asubuhi. Hesabu yake ni rahisi. Video ya GB 10 kwenye njia ya kupandisha ya Mbps 5 inachukua zaidi ya saa nne ikiwa inaitumia njia yote. Na kwa saa hizo nne njia imejaa pomoni. Hata anayetaka kufungua ukurasa tu, ombi lake lazima lipande kwanza, na linapanga foleni nyuma ya video yako, kama daladala ya Igoma iliyokwama nyuma ya fuso la dagaa. Ndiyo maana wenzako wanasema intaneti nzito huku kipimo cha kasi ya kushusha kilionekana kizuri mchana.

Kwa hiyo kabla hamjapandisha kifurushi, simamisha upandishaji dakika mbili, angalia dirisha la 8.8.8.8. Likirudi 20 au 80 papo hapo, umempata mhalifu. Huna haja ya kuacha kazi. Google Drive ya kwenye kompyuta ina sehemu ya kuweka kikomo cha kasi ya kupandisha; ipe nusu au theluthi mbili ya njia mliyonayo, au panga kazi ianze saa sita usiku watu wakiwa wamelala. Baadhi ya ruta zina kipengele cha QoS kinachogawa njia kwa haki, kiwasheni kama kipo. Na ukikubaliana na wenzako kwamba wewe unahitaji njia kubwa zaidi, basi mwongeze kifurushi kwa kujua mnanunua nini: uliza kasi ya kupandisha, siyo ile ya kushusha iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo.

Kama hupandishi chochote na bado 8.8.8.8 inapanda, muombe mwenye nyumba achomeke kompyuta mpakato kwenye ruta kwa waya, mfanye ping ile ile. Ikiwa mbaya hata kwa waya, hapo ndipo mnapiga simu kwa kampuni, na mnakuwa na maneno ya kusema: tumepima kwa waya, saa fulani, ruta inajibu kwa milisekunde moja, nje inapotea. Angalieni na taa: ile ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga wa faiba haufiki, na hakuna cha kurekebisha ndani ya nyumba. Siku nyingine tatizo haliko hata Mwanza. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na Afrika Mashariki nzima ikawa inatambaa. Siku ile watu walizima na kuwasha ruta zao mpaka vidole vikauma.

Kuhusu repita, mimi si mpenzi wake, na kwako haina kazi. Simu inathibitisha mawimbi yanafika. Repita za kawaida zinapokea na kutuma kwa redio ile ile, hivyo kasi inapungua kwa karibu nusu, na ukiiweka chumbani kwako inarudia kile kile dhaifu kilichopenya bati. Kelele ya USB nayo itakuwepo pale pale.

Ningekuwa mimi, kwa kazi hiyo ya video, ningevuta waya. Kompyuta ya mezani haihami, na kebo ya mtandao hufanya kazi vizuri mpaka mita 100. Nunua ya Cat5e au Cat6 ya nje, yenye ganda jeusi linalostahimili jua, na iwe ya shaba tupu. Dukani, omba wakukatie ncha, kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, inavunjika ukiikunja na inasumbua mbele ya safari. Ipitishe mbali na waya wa umeme.

Tahadhari moja kubwa, kwa sababu ninyi mna nyumba mbili na mko juu ya mwamba. Waya wa shaba unaotoka nyumba moja kwenda nyingine ni njia ya radi, na kwenye mwamba kupata ethi nzuri ni kazi ngumu. Kanda hii ya ziwa ina radi nyingi, na zile za ziwani hupiga zaidi usiku na alfajiri, ukiwa umelala na video inapanda. Si lazima radi ipige nyumba yenu. Ikipiga jirani inatosha kuunguza tundu la mtandao la kompyuta na la ruta kwa pamoja. Mkiwa na uwezo, vuteni faiba fupi kati ya nyumba mbili na kibadilishaji cha faiba kwenda kebo kila upande, kioo hakipitishi umeme. Chagueni tu faiba ambayo haina uzi wa chuma ndani yake. Mkishindwa, fungeni vizuia radi vya kebo ya mtandao pande zote mbili, na viwe vimeunganishwa kwenye ethi, la sivyo ni mapambo. Mkikosa hata hivyo, chomoeni kebo kila mvua inapotishia, na hapo elewaneni na mwenye nyumba mapema, maana ukichomoa upande wako peke yake unaiokoa kompyuta yako tu. Ruta yake inabaki imeshika waya ulio nje.